Sura ya Sita: Pikipiki Ndani ya Mfuo

Pikipiki halisi husimama kwa sababu inakwenda. Ikipunguza mwendo huanza kuyumba, na ikisimama kabisa dereva hana budi kushusha mguu. Pikipiki ndogo ya umeme inayokimbia kwenye njia ya kuchezea nyumbani haina mguu wa kushushwa. Dereva wake ni wa plastiki na amegandishwa kwenye kiti. Usukani wake ni pambo. Kilichopo ni magurudumu mawili, mota ndogo, na ulimi wa plastiki uliozama kwenye mfuo mwembamba unaopita katikati ya njia. Pembeni mwa mfuo kuna reli mbili za chuma zinazoleta umeme, na mkononi mwa mchezaji kuna kifyatulio kimoja tu. Hakuna kulia wala kushoto. Kuna kuongeza na kupunguza.

Katika sura zilizotangulia tuliendesha magari ya mfuo, na msomaji ameshaona kwamba gari la namna hiyo husamehe mengi. Likiingia kona kwa kasi kidogo kuliko inavyofaa, mkia huteleza, matairi husaga, kisha hujirudi. Pikipiki haina msamaha huo. Hata hivyo kasi kubwa si adui yake mkuu. Adui yake ni kasi inayobadilika ghafla, yaani kifyatulio kinachobanwa kwa pupa, umeme unaorukaruka kwenye maungio, au kona kali inayofuata moja kwa moja baada ya njia ndefu iliyonyooka. Anayetaka kuiendesha vizuri nyumbani itampasa apange njia, umeme na kidole chake kwa lengo moja, nalo ni mabadiliko yote yawe laini.

Kutoka Havant hadi magurudumu mawili

Mchezo huu kama tunavyoujua leo ulikulia Uingereza. Fred Francis, fundi wa kutengeneza zana za viwandani, alianzisha kampuni ya Minimodels mwaka 1947, na kiwanda chake kikaja kuwa Havant, mji wa kusini katika jimbo la Hampshire. Mwaka 1952 alitoa magari madogo ya bati yaliyoitwa Scalex, yaliyokwenda kwa nguvu ya springi. Yaliuzika sana kwa miaka michache, kisha wateja wakaanza kuyachoka, kwa kuwa gari la springi likishaachiwa huenda litakako na mchezaji hubaki mtazamaji. Francis akayatia mota ya umeme, akatengeneza njia ya mpira yenye mifuo na reli, na Januari 1957 akauonyesha mchezo huo mpya kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini Harrogate kwa jina la Scalextric. Oda zikamzidi nguvu. Mwaka 1958 kampuni yake ikachukuliwa na Lines Brothers, wenye chapa ya Tri-ang, na tangu 1960 bati likaanza kuipisha plastiki.

Pikipiki hazikuchelewa kufika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Scalextric ilitoa mbili, Typhoon na Hurricane, na zote zilikuwa na kigari cha pembeni pamoja na abiria wake. Mashindano halisi ya pikipiki za aina hiyo yalikuwa na heshima yake wakati ule, kwani ubingwa wa dunia wa pikipiki zenye kigari cha pembeni ulianza mwaka 1949, sawia na ule wa pikipiki za kawaida. Lakini kwa mtengenezaji wa vitu vya kuchezea kigari hicho kilikuwa na faida ya pili. Kilileta gurudumu la tatu, na kitu chenye magurudumu matatu hakihitaji kufundishwa kusimama.

Pikipiki ya magurudumu mawili matupu ilisubiri muda mrefu zaidi kuingia kwenye orodha kubwa za kampuni hiyo. Ilikuja katika muongo wa kwanza wa karne hii, wakati mbio za MotoGP, zilizochukua nafasi ya daraja la cc 500 mwaka 2002, zilipokuwa zimemfanya Valentino Rossi kuwa jina la kila nyumba barani Ulaya. Scalextric ikatoa pikipiki za rangi za timu za mbio hizo kwa kipimo cha 1:12, zinazokimbia kwenye njia ileile ya magari ya kipimo cha 1:32. Sehemu kubwa ya furaha na taabu ya kuziendesha nyumbani inatokana na kukutanisha vipimo hivyo viwili.

Kulala kwenye kona

Pikipiki halisi inapokata kona, uzito wake huivuta chini na mwendo wake huisukuma nje. Dereva huilaza upande wa ndani mpaka nguvu hizo mbili zikijumlishwa zipite sawasawa pale tairi linapogusa lami. Kuanza kulala kwenyewe hufanywa kwa ujanja ambao mwendesha pikipiki huutumia bila kuufikiria. Akitaka kwenda kulia, husukuma usukani kidogo sana kuelekea kushoto, magurudumu yakatoka chini ya uzito, na pikipiki ikaangukia kulia. Kisha usukani hufuata. Madereva wa MotoGP hulala zaidi ya nyuzi 60 kutoka wima, magoti na viwiko vikiparuza lami.

Pikipiki ya mfuo haiwezi kufanya ujanja huo. Ulimi wake umeshikwa chini na mfuo, nao ndio unaoivuta iingie kona. Uzito ulioko juu, kwenye mota na mwili wa dereva, unataka kuendelea moja kwa moja. Ukiiacha bawaba inayoulaza mwili iwe huru bila kitu kingine, pikipiki italala upande wa nje, kinyume kabisa na inavyopaswa. Ndiyo maana wabunifu huunganisha kulala kwake na kugeuka kwa ulimi: mkono unaobeba ulimi unapofuata mfuo kwenye kona, mwili nao husukumwa upande wa ndani. Vilevile huweka kizuizi kinachoukomesha mwili usilale kupita kiasi, na egemeo la chini linaloizuia pikipiki isianguke inapokwenda polepole au kusimama.

Miundo hutofautiana, kwa hiyo jambo la kwanza kufanya na pikipiki mpya ni kuichunguza mkononi kabla ya kuiweka njiani. Geuza ulimi taratibu kulia, kisha kushoto. Angalia mwili unalala upande gani, unakomea wapi, na kama unarudi wima wenyewe ulimi ukinyooka. Ukikwama mahali, tafuta uchafu au waya uliobanwa. Nyaya mbili nyembamba zinazotoka kwenye ulimi kwenda kwenye mota mara nyingi ndizo zinazosababisha. Zikiwa fupi mno au ngumu, huivuta pikipiki upande mmoja, nayo ikawa hodari wa kona za kushoto na mbovu wa kona za kulia. Zipindwe kwa mviringo mpana ili zisivute popote.

Hesabu ya kona

Kuna hesabu fupi inayomsaidia mchezaji kuliko mazoezi ya wiki nzima. Kwa pikipiki iliyolala nyuzi 45, kasi inayolingana na kulala huko hupatikana hivi: chukua nusukipenyo cha kona kwa mita, zidisha kwa 9.8, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Utapata kasi kwa mita kwa sekunde. Uzito wa pikipiki haumo katika hesabu hii, wala kipimo chake. Kanuni inayomhusu dereva wa MotoGP ndiyo inayoihusu pikipiki ya sebuleni.

Tuitumie kwenye kona za Scalextric. Njia yake ina upana wa milimita 156, na mifuo miwili imeachana kwa milimita 78. Kona za daraja la pili, zile zinazopatikana kwenye seti nyingi, zina mfuo wa ndani wenye nusukipenyo cha sentimita 25 hivi, na wa nje wenye sentimita 33. Kasi ya kulala nyuzi 45 kwenye mfuo wa ndani ni takribani mita 1.6 kwa sekunde, na kwenye wa nje mita 1.8. Kona za daraja la tatu zina mfuo wa nje wa karibu sentimita 49, na kasi yake ni mita 2.2. Daraja la nne, ambalo mfuo wake wa nje unafika sentimita 64, linaruhusu mita 2.5 kwa sekunde, sawa na kilomita 9 kwa saa. Ni mwendo wa mtu anayekimbia taratibu asubuhi. Mota ya pikipiki inaweza kupita hapo kwenye njia iliyonyooka pasipo shida yoyote.

Hesabu hiyo inaonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba kuikuza kona hakuongezi kasi kwa uwiano uleule. Ukikuza nusukipenyo mara mbili, kasi inayofaa huongezeka kwa asilimia 41 tu. La pili linamgusa mchezaji moja kwa moja. Msukumo wa kwenda nje hukua kwa kasi mara kasi, hivyo ukizidisha mwendo kwa asilimia 10, msukumo unaongezeka kwa asilimia 21. Kidole kilichoteleza kidogo tu kinaiongezea pikipiki mzigo wa zaidi ya moja ya tano. Gari pana lenye sumaku chini litaumeza mzigo huo. Pikipiki ambayo mwili wake umeshafika kwenye kizuizi haina mahali pa kuupeleka isipokuwa kuutoa ulimi nje ya mfuo.

Kama kizuizi cha pikipiki yako kinakomea kwenye nyuzi 30, kasi hizo zote zipunguzwe kwa karibu robo. Kuijua pembe yako si kazi kubwa. Laza mwili mpaka ukome, piga picha ya simu kutoka mbele kabisa, kisha weka kipimapembe cha shule juu ya kioo.

Njia juu ya ubao mmoja

Watu wengi huanzia sakafuni, na kwa jioni moja ya majaribio hapana ubaya. Lakini sakafu ina mchanga, nywele na nyuzi za zulia, na vyote hivyo huishia kwenye ekseli. Ubao mmoja wa plaiwudi wa futi nane kwa nne, yaani mita 2.44 kwa 1.22, unatosha kwa njia ya kwanza ya pikipiki. Weka kona za daraja la tatu: vipande 16 hukamilisha duara, nane kila upande. Katikati weka vipande vitatu vya kunyooka vya milimita 350 kila upande, kimoja kati ya hivyo sita kikiwa kile cha kuingizia umeme. Utapata duara refu la mita 2.10 kwa 1.05, na ubao utabakiza sentimita 17 kila ncha na sentimita nane kila ubavu.

Kwenye njia hiyo mzunguko wa mfuo wa ndani ni mita 4.67, na wa nje mita 5.16. Tofauti ni sentimita 49, na tofauti hiyo haibadiliki hata ukitumia kona kubwa kiasi gani, maadamu njia inazunguka upande mmoja tu, kwa kuwa inatokana na umbali kati ya mifuo peke yake. Kwa mbio za haki, wachezaji wabadilishane mifuo kila baada ya idadi ya mizunguko waliyokubaliana, au njia ikunjwe kwa umbo la nane ili kila mfuo upate zamu ya ndani na ya nje. Ukichagua umbo la nane lenye daraja, mpando na mteremko uwe mrefu na wa taratibu. Kileleni mwa daraja kali pua huinuka, ulimi hupoteza mfuo, na pikipiki huruka kabla haijafika kona.

Mpangilio wa uzio nao hubadilika. Gari huteleza mkia kwenda nje, hivyo wenye magari huacha nafasi upande wa nje wa kona. Pikipiki huinamisha kichwa cha dereva upande wa ndani. Pikipiki ya mbio na dereva aliyejikunja ina urefu wa kwenda juu wa kama sentimita 10 kwa kipimo cha 1:12. Ikilala nyuzi 45, kichwa hicho huingia ndani kwa sentimita saba kutoka kwenye mfuo. Kutoka mfuo wa ndani hadi ukingo wa njia ni sentimita nne kasoro kidogo, kwa hiyo kofia ya dereva itaning'inia nje ya ukingo kwa sentimita tatu. Uzio, mnara au mti wa plastiki uliowekwa pale kwa ajili ya urembo utamkata kichwa. Acha sentimita tano tupu upande wa ndani wa kila kona.

Hesabu hiyohiyo inaeleza ajali inayowashangaza wengi. Pikipiki mbili zikiingia kona pamoja na kulala pamoja, hupita bila kugusana. Ila wa ndani akipunguza sana na kusimama wima huku wa nje amelala, kichwa cha wa nje humfikia mwenzake begani, maana mifuo imeachana kwa sentimita nane tu. Wote wawili huanguka, na kila mmoja humlaumu mwenziwe. Kanuni ya nyumba iwe kwamba aliye mbele akiingia kona ana haki ya kona hiyo, na anayemfuata asubiri njia iliyonyooka.

Upande wa nje wa kona usiachwe wazi pia, hasa kama ubao uko mezani. Kitu kikidondoka kutoka kimo cha sentimita 75 hufika chini kikiwa na kasi ya mita 3.8 kwa sekunde, zaidi ya mara mbili ya kasi ya kona ya daraja la pili. Sakafu ya vigae itavunja vioo, mikono ya usukani na ulimi. Ukingo wa sponji wa sentimita tano kuzunguka ubao ni wa bei nafuu kuliko pikipiki ya pili.

Umeme ulio laini

Seti za zamani za Scalextric hutumia volti 12, na za karibuni volti 15 hivi. Adapta ndiyo inayopunguza umeme wa nyumba hadi hapo na kuugeuza wa mkondo mmoja. Adapta iliyonunuliwa Uingereza huingia bila tabu kwenye soketi za Kenya, Tanzania na Uganda, na vilevile Oman na Imarati, kwa kuwa zote hutumia plagi ya pini tatu za mraba na umeme wa volti 230 hadi 240. Kongo na Burundi volti zinalingana lakini pini ni za duara, hivyo kiunganishi kidogo kinahitajika. Adapta ya Marekani iliyoandikwa volti 120 pekee isichomekwe katika nchi yoyote kati ya hizo. Itaungua. Soma maandishi yaliyo mgongoni mwake kwanza.

Volti kamili si lazima kwa pikipiki. Adapta yenye uwezo wa kurekebishwa ndiyo kifaa cha kwanza ninachoshauri kinunuliwe baada ya pikipiki yenyewe. Anza na volti 8 au 9, jifunze kona zote, kisha panda volti moja moja. Volti zikipungua, kasi ya juu hupungua, na umbali wote wa kifyatulio unabaki kwa matumizi. Mchezaji anayetumia volti 15 kwa kawaida hucheza kwenye robo ya kwanza ya kifyatulio tu, na hapo ndipo kidole kina usahihi mdogo kuliko kote.

Kidhibiti nacho kina siri yake. Vile vya kawaida hufanya kazi kwa kuweka ukinzani njiani. Ukibana kidogo, umeme hupita kwenye waya mrefu wa ukinzani, na ukibana zaidi waya hufupishwa. Lakini kiasi cha volti kinachopotea kwenye waya huo hutegemea mkondo unaovutwa na mota. Mota inayovuta mkondo mwingi hupotezewa volti nyingi, na inayovuta mkondo kidogo haipotezewi sana. Matokeo yake, pikipiki yenye mota ndogo ikitumia kidhibiti kilichotengenezewa gari lenye mota kubwa huwa ama imesimama ama inaruka, bila kitu cha katikati. Hapo mchezaji hana kosa na pikipiki haina ugonjwa. Kinachotakiwa ni kidhibiti chenye ukinzani mkubwa zaidi, au cha kielektroniki kisichotegemea mkondo wa mota.

Kuna onyo moja kwa wenye seti za dijitali. Kwenye njia hizo reli zina umeme kamili wakati wote, na chipu iliyomo ndani ya kila gari ndiyo inayoamua kiasi cha kuchukua. Pikipiki isiyo na chipu ikiwekwa hapo itapokea umeme wote mara moja, na mota inaweza kuharibika. Hakikisha kituo cha umeme kimewekwa kwenye hali ya analogi kabla ya kuigusisha na reli.

Kwenye njia ndefu umeme hudhoofika kadiri unavyokwenda mbali na kituo. Reli ni za chuma, ambacho hakipitishi umeme vizuri kama shaba, na kila maungio huongeza ukinzani wake. Gari husinzia kidogo upande wa mbali na kuamka likikaribia kituo. Kwa pikipiki, kuamka huko kukitokea katikati ya kona ni anguko. Pima volti kwa mita ya umeme karibu na kituo na upande wa mbali huku pikipiki ikikimbia. Tofauti ikizidi volti moja, pitisha nyaya mbili nene chini ya ubao kutoka kituoni hadi kwenye reli za upande wa mbali, kila mfuo kwa nyaya zake, na uhakikishe chanya imekutana na chanya.

Kazi ya kidole

Ulimi ukiwa mbele na gurudumu linaloendeshwa likiwa nyuma, pikipiki ina tabia tatu zinazotawala uendeshaji wake.

Tabia ya kwanza huonekana wakati wa kuondoka. Ukibana kifyatulio chote kwa mpigo, tairi la nyuma linauma, pua inainuka, na ulimi unapoteza reli. Umeme unakatika, pua inashuka, umeme unarudi, pua inainuka tena. Mtazamaji hupiga makofi, lakini mpinzani ameshafika kona ya pili. Ondoka kwa theluthi ya kifyatulio, ngoja mpaka pikipiki imekaa, ndipo uongeze.

Tabia ya pili huonekana wakati wa kupunguza. Katika mifumo mingi, ukiachia kifyatulio chote, reli mbili huunganishwa pamoja na mota hugeuka kuwa jenereta inayojizuia yenyewe. Hiyo ndiyo breki, nayo hufanya kazi kwenye gurudumu la nyuma tu. Uzito ukikimbilia mbele, gurudumu hilo hubaki jepesi na kuteleza. Kwa gari, hilo ni jambo dogo. Kwa pikipiki iliyokwisha kuanza kulala, mkia hutoka nje na kuvuta ulimi pamoja nao. Kwa hiyo usiachie chote. Punguza hadi robo ukiwa bado kwenye njia iliyonyooka, acha mwendo ushuke, ndipo uiingize kona. Breki kamili ibaki kwa dharura, na itumike wakati pikipiki iko wima.

Tabia ya tatu ni ya katikati ya kona. Hapo mwendo usibadilishwe hata kidogo. Kuongeza kunasukuma mwili nje, na kupunguza kunausimamisha wima ghafla. Shika kifyatulio mahali pamoja kutoka mlango wa kona hadi kutokea kwake, na uongeze pale tu pikipiki inapoanza kuinuka yenyewe. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, na kwenye mfuo methali hii inapimika kwa saa, kwani pikipiki iliyoanguka mara moja hupoteza muda wa mizunguko kadhaa ikisubiri kuokotwa na kurudishwa kwenye reli.

Zoezi zuri ni kuzunguka bila mpinzani huku mtu mwingine akisikiliza mota kwa macho yaliyofumbwa. Dereva mzuri hutoa sauti inayopanda na kushuka kwa mteremko. Dereva wa pupa hutoa mlio wa kukatikakatika. Sikio litakuambia kosa kabla jicho halijaliona.

Matunzo

Misuko miwili ya waya wa shaba iliyo chini ya ulimi ndiyo inayogusa reli na kuchukua umeme. Ichanue kwa ncha ya sindano, iinamishe kidogo kuelekea chini, na uhakikishe haigusani. Ikilala bapa kabisa, pikipiki itazimika kila ikilala kwenye kona. Ikisimama mno, itauinua ulimi kutoka kwenye mfuo. Pikipiki ikirudi nyuma badala ya kwenda mbele, nyaya za misuko zimebadilishana nafasi.

Reli za chuma hushika kutu, na kwa msomaji wa Mombasa, Tanga, Unguja au Dar es Salaam hewa ya chumvi huharakisha jambo hilo. Zifute kwa kitambaa kilicholowanishwa spiriti kabla ya kila mchezo. Kutu ikiwa imeshaingia, tumia msasa laini kabisa kwa mkono mwepesi, kisha futa tena. Ukimaliza msimu, fungua vipande na uvihifadhi ndani ya mfuko uliofungwa, mahali pakavu.

Tairi la nyuma lisafishwe kwa kulibiringisha juu ya upande wa gundi wa selotepu mpaka lisiache vumbi. Usilisawazishe kwa msasa kama tulivyofanya na matairi ya magari. Tairi la gari hufaidika likiwa bapa, lakini la pikipiki lina umbo la mviringo ili liendelee kugusa njia mwili unapolala. Ukilichonga bapa, litakuwa na kingo mbili, na pikipiki itaruka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine katikati ya kona. Ekseli na gia zipate tone moja la mafuta ya cherehani, tone moja kweli, kwa sababu yakizidi yatafika kwenye tairi na kazi yote ya selotepu itapotea.

Anayenunua pikipiki iliyotumika aangalie vitu vinne kabla ya kulipa: ulimi usiwe umevunjika ncha, bawaba ya kulala iwe laini pande zote mbili, gia ya plastiki isiwe na ufa pale inapokaza ekseli, na tairi lisiwe limekauka na kuwa gumu. Mikwaruzo ya rangi isimtishe. Kila pikipiki ya mfuo iliyowahi kuendeshwa imewahi kuanguka.

Pikipiki yako ikianguka mara kwa mara, usianze kwa kubadilisha mota wala kuongeza sumaku. Fuata mpangilio huu: safisha misuko na reli, pima volti pande zote za njia, shusha volti za adapta, kagua bawaba, kisha ubadilishe kona kali kwa kona pana. Mara nyingi tatizo litakuwa limeondoka kabla hujafika hatua ya tatu. Na kama nafasi ya nyumbani inakuruhusu kona za daraja la kwanza na la pili peke yake, ushauri wangu ni mmoja: endesha magari, na pikipiki isubiri mpaka upate ubao wa futi nane.